Rangi Haishikiki

…uyoga huu una pete na huu una pete, na pete zenyewe zinacheza kwenye shina ukizisukuma kwa kidole, kofia za magamba ya kahawia, mashina meupe yenye kitako, ndugu wa tumbo moja hawa, huu unaliwa, huu utakutapisha mpaka ujute kuzaliwa, na Mama pale jikoni ananiuliza, "Vipi, nianze kukata?"… ngoja kidogo, Mama, naangalia, na naangalia kweli, nimeugeuza wa kwanza, mikunjo chini ya kofia ni myeupe pe, nimeugeuza wa pili, myeupe pia, hapana, pale pembeni kuna ukijani, kidogo tu, kama ukungu wa mkate uliolala, hapo ndipo wanapoachana hawa ndugu, kwenye rangi, na rangi haishikiki kwa vidole… "Pete zinacheza, nimezijaribu zote," anasema, na najua amezijaribu, alinifundisha nikiwa sijaifikia meza hii, sukuma pete, nusa, geuza, tazama chini ya kofia, shangazi akitucheka, laiti mngewakagua wachumba hivyo, tungepata walau mkwe mmoja mwenye akili, na Mama akicheka mpaka anakaa sakafuni… mafuta yameanza kunukia, huu wa pili niutupe kimyakimya, nimwambie una funza, hatajua, mtoto wa jicho ametanda jicho la kulia na la kushoto linafuata, hospitali hataki kuisikia, anasema macho yake mazima, taa za siku hizi ndizo hafifu, basi funza, uongo mdogo, haumuui mtu… ila kapu, nani alilisukuma upande wangu, ni yeye, sijavua hata viatu, "hebu nitazamie chini," alisema, Mama ambaye kapu lake hakuwahi kumwachia mtu, hata Baba, hata huyo shangazi… anajua. Anajua vidole vimefika mwisho wake, kusema hawezi, ndiyo maana kaniita, na mimi nilidhani kaniita kula… inaniuma, na inanitisha zaidi ya kuniuma, maana baada ya macho yangu hakuna mwingine wa kutazama… "Wewe! Mafuta yanaungua," anasema, kisu mkononi, uso kauelekeza kwangu, si kwangu hasa, karibu na bega, anasubiri, nami bado nina mmoja mkono huu na mmoja mkono huu, na lile neno funza limeshaniishia mdomoni.