Kisu cha Ijumaa

Kila siku saa nne maktaba ninapofanya kazi hufungwa kwa nusu saa, nami huvuka barabara na chupa ya chai kumpelekea dada yangu gereji. Hunywa akiwa amesimama, mguu mmoja juu ya jeki, kikombe mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia hauachi nyundo. Kazi yake ni kunyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Gereji nzima humwita Nyundo. Mimi huniita Maktaba. Kikombe cha kwanza ni chake, cha pili cha Mzee Rangi, mpiga rangi aliyemfundisha kazi, na cha tatu hugombaniwa kwa matusi ya kirafiki.

Jumatano ile sikumimina hata kimoja. Nilipoingia getini nilimkuta Nyundo anauponda mlango wa gari jeupe. Kunyoosha nakujua kwa masikio, nimekua nako: gonga gonga, nyamaza, papasa, gonga tena. Hapa hapakuwa na kunyamaza wala kupapasa. Mlango alioushughulikia siku mbili, ukawa laini kama ganda la yai, ulikuwa umebonyea katikati, na kwa kila pigo vipande vya rangi viliruka hadi miguuni mwangu.

"Dada," nilisema. Sauti yangu haikufika hata kwenye matairi.

"Mwache kwanza," alininong'oneza Mzee Rangi. "Hospitali wamepiga simu. Kuna mtu kaahirisha upasuaji wa Ijumaa, wanamuuliza kama ataichukua nafasi. Wanataka jibu kabla ya saa kumi leo. Amesema asante vizuri tu, akaweka simu mfukoni, akachukua nyundo."

Mwenye gari alitokea upande wa ofisi, jamaa wa shingo nene, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Alipoona mlango wake alisahau hata kusalimu.

"We mwanamke, una wazimu? Gari langu!"

"Nitalinyoosha tena."

"Utalinyoosha? Ndiyo maana nilisema kazi hii si ya wanawake! Kaa jikoni uponde vitunguu!"

Alimshika mkono. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Nyundo aligeuka na kiwiko, nikasikia meno yakigongana. Damu ikashuka kwenye lile shati. Jamaa alijifuta, akaitazama damu kiganjani, kisha akarusha ngumi moja bila kulenga. Ikampata dada yangu kifuani, upande wa kulia.

Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtu. Alipiga magoti kwenye mafuta machafu, paji la uso likagusa sakafu. Mafundi wote waliacha kazi. Yule jamaa mwenyewe alirudi nyuma, hajui amevunja nini.

Kisha Nyundo akainuka. Nyundo mkononi mwake ikapanda juu ya kichwa cha yule mtu, na najua kwa hakika kwamba ingeshuka. Mzee Rangi, mwili wake wote mkavu kama ufagio, aliurukia ule mkono akaning'inia nao. "Si huyu!" alipiga kelele. "Mwanangu, adui yako si huyu!" Vijana wawili wakamburuta jamaa nje.

Mimi nilichofanya ni hiki: niliangalia kama kifuniko cha chupa ya chai kimefungwa vizuri.

*

Tunakaa vyumba viwili nyuma ya duka la mbao. Nilimlaza, nikamwekea kitambaa cha maji baridi kifuani. Uvimbe ulikuwa pale pale, mgumu kama fundo la mti, na juu yake sasa rangi ya zambarau ilikuwa inatambaa.

Jumatatu, siku mbili kabla, tulikuwa kwa daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alituchorea titi kwenye karatasi kama mtoto anavyochora mlima. Kansa, alisema, kubwa kiasi, na matezi ya kwapani nayo yamevimba. Kisu na dawa, vyote viwili vinahitajika. Swali ni kipi kitangulie.

"Kwa urefu wa maisha, hakuna tofauti kubwa, kiwe hiki au kile," alisema. "Ila tukianza na dawa, dripu kila wiki tatu kwa miezi kama mitano, uvimbe unaweza kunywea. Tutaona pia kama dawa inaufanyia kazi. Na matezi yakisafika, huenda tusilazimike kuyatoa yote."

"Mkiyatoa yote?"

"Mkono unaweza kuvimba. Kuna ambao nguvu haziwarudii zote."

Nyundo aliuangalia mkono wake wa kulia, ukiwa juu ya paja. "Na hiyo dawa?"

"Nywele zitakatika. Utachoka, utatapika. Wengine vidole hufa ganzi. Na siwezi kukuahidi kwamba uvimbe utanywea, wapo wachache ambao haunywei. Sisi tunaegemea dawa kwanza. Lakini ukichagua kisu, hatutakukatalia."

Dada yangu alinigeukia. "Maktaba, umeandika?"

"Nimeandika." Kurasa nne, mwandiko mzuri, vichwa vya habari vimepigwa mstari.

"Unasemaje?"

"Ni uamuzi wako, dada."

Jibu nilikuwa nalo. Nililibeba tangu siku ile kama kokoto chini ya ulimi, nikala nalo, nikalala nalo.

*

Saa tisa alasiri, Jumatano ile ile, aliamka, akakiondoa kile kitambaa, akakaa mezani jikoni na kurasa zangu.

"Nataka Ijumaa," alisema. "Nataka wakate mzizi wa fitina. Mimi kutu naijua. Huwezi kuipaka dawa ukaketi miezi mitano unaichungulia. Kutu hukatwa."

"Lakini dada, mwili si bamba la gari."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo…" Nilianza kukusanya vikombe. "Nasema tu. Daktari alisema wao wanaegemea…"

"Alivyosema daktari nilisikia, nilikuwepo. Wewe?"

"Mimi nipo na wewe kwa lolote utakalochagua."

"Lolote." Alilitafuna hilo neno. "Nikichagua kujitupa kisimani?"

"Dada, jamani. Uamuzi ni wako."

Kikombe cha kwanza kilipita karibu na sikio langu kikapasuka ukutani. Cha pili hakulenga popote. Kisha ikaja sahani, kisha bakuli la sukari, na sukari ikamwagika juu ya vigae ikawa inalia chini ya miguu yake alipozunguka meza. Alizishika zile kurasa nne akazichana mara moja, mara mbili, akanitupia usoni.

"Daktari, uamuzi wangu! Mzee Rangi, uamuzi wangu! Na wewe, niliyekusomesha kwa mkono huu," akauinua, "uamuzi wangu! Wote mnanawa mikono kwenye beseni moja, halafu maji machafu mnaninywesha mimi!"

"Sijanawa…"

Kofi lilinikuta katikati ya neno. Niliangukia kabati, mpini wa droo ukanichoma mbavu. Nilipokuwa darasa la tatu msichana mmoja alinivunjia kalamu, na dada yangu alimpiga mpaka mwalimu akamwaga maji kuwaachanisha. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyenigusa. Hakuna aliyethubutu.

"Sema!" Kofi la pili. "Una mdomo wa nini? Wa kunywea uji?"

Sijui nilifikaje pale. Najua tu kwamba nilikuwa nimemkamata ukosi wa ovaroli, nikamsukuma hadi ukutani, kalenda ikaanguka, nikampiga ngumi. Ngumi yangu ya kwanza duniani, nikampiga dada yangu mwenye kansa. Ilimpata mdomoni. Kifungo kilikatika, ovaroli ikafunguka, na lile jeraha la zambarau likawa kati yetu, kubwa kama kiganja.

Nilimwachia kama niliyeshika pasi ya moto. Yeye alikuwa anacheka. Mdomo ulikuwa umepasuka, meno yana damu, na anacheka.

"Mungu wangu, mtoto huyu! Hata ngumi yako inaomba radhi."

Mimi sikucheka. Alinitazama akisubiri, na nikaona kicheko kikimwisha taratibu usoni, kama mtu aliyebisha hodi mara tatu akajua nyumbani hakuna mtu. Akatoa simu mfukoni. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika saba.

"Basi," alisema. "Nawaambia Ijumaa."

Alibonyeza namba kwa kidole gumba cheusi cha grisi. Akaweka spika, kwa sababu sikio lake la kulia limeharibiwa na kelele za gereji. Ikaita mara moja. Mara mbili. Alikuwa ameegemea ukuta, mkono wa kushoto umefumbata kifua, macho yamefumbwa.

"Hapana," nilisema.

Simu iliita mara ya tatu.

"Hapana! Usikatwe Ijumaa! Dawa kwanza! Unanisikia? Nataka uanze dawa!" Nilipiga teke kiti, kikaenda kugonga mlango. "Nautaka huo mkono wako ubaki na nguvu! Nataka wamjaribu huyo mdudu kwa dawa wamwone akifa, wasimkate tu halafu tukae tunabahatisha! Dawa kwanza!"

"Halo, wodi ya upasuaji," sauti ya mwanamke ilisema kwenye simu. "Halo? Kuna usalama huko?"

"Subiri kidogo, sista," alisema Nyundo. Alikuwa amefumbua macho. "Mdogo wangu anaongea."

"Je, niite polisi?"

"Hapana, mama. Anaongea tu, hajazoea." Alipumua, nikasikia pumzi ikikwaruza. "Mimi ndiye mgonjwa wenu wa Ijumaa. Ile nafasi mpeni mwingine. Mwambie daktari nitakuja kwa ajili ya dripu."

"Una hakika, dada?"

"Sina. Lakini mpeni mwingine."

Alikata. Tukabaki tunasikiliza msumeno wa duka la mbao ukikata ubao mmoja, kisha wa pili. Nilipiga magoti nikaanza kuokota vigae vya sahani, kwa kuwa mikono yangu ilitaka kazi. Akaukanyaga mkono wangu kidogo na kiatu chake cha gereji, si kwa kuumiza, kwa kuuzuia tu.

"Na uvimbe usiponywea?" aliuliza. "Miezi mitano, nywele zimekatika, vidole vimekufa ganzi, na kitu kimekua. Ukiwa umekosea?"

Nilikuwa chini, sukari imenishika magotini, shavu linawaka. Nilimtazama usoni.

"Nikiwa nimekosea, utakuja kunipiga tena, na nitakuwa nimestahili. Tangu Jumatatu nasema uamuzi wako, uamuzi wako, ukadhani ni heshima. Dada, ulikuwa woga. Nilitaka ukifa nisiwe mimi niliyesema."