Papi za Mlango wa Mama

Kuhusu chumba kipya, mama alikuwa amesema jambo moja tu: hatalala stoo.

Kweli kilikuwa stoo, nyuma ya ukuta wa sebule, mpaka wanawe wawili walipobomoa sehemu ya ukuta huo na kuweka mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Chumba chake cha zamani kilikuwa ghorofani, na nyonga yake iliyovunjika ilikuwa imeunga vibaya. Asipokikubali hiki, angerudi kwa binamu yake, mji mwingine, alikokaa tangu atoke hospitali. Wanawe hawakutaka arudi. Jioni hiyo ndiyo angekuja kukiona.

Asubuhi mlango ulikuwa unafunguka na kufungika bila kelele. Lakini kati ya fremu na ukuta palibaki ufa wa kuingiza kidole, na plasta ilikuwa imemeguka pande zote.

"Ukuta umeng'oka meno," alisema dada mtu, dereva wa lori aliyekuwa likizo.

"Tunampa meno mapya," alijibu mdogo wake, seremala.

Meno yenyewe yalikuwa papi: mbao tatu nyembamba, mbili za kusimama na moja ya kulala juu, za kuziba ufa huo. Ile ya juu seremala aliipima, akaikata na kuipigilia mwenyewe. Kwa zile za kusimama, dada alibaki mlangoni na tepu, yeye akatoka uani kwenye msumeno.

Tepu hiyo ilikuwa imekatika ncha. Mtu mwingine angenunua nyingine. Mama yao, mshonaji, alikuwa na tepu iliyochakaa hivyohivyo miaka yote: alipima kuanzia kumi, akaita namba, na aliyekuwa mezani na chaki ndiye aliyetoa kumi. Wanawe walijua kutoa kumi kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

"Mia mbili na nane!" aliita dada.

Seremala akatoa kumi, akakata zote mbili.

Aliporudi na kusimamisha ya kwanza chini ya ile ya juu, ilining'inia hewani. Chini yake ungeweza kupitisha kiatu.

"Dada, hiyo namba ilikuwa ya tepu au ya kweli?"

"Ya kweli. Nilishatoa kumi."

"Na mimi nimetoa kumi."

Wakatazamana.

"Anayekata ndiye anayetoa! Tangu lini mwenye tepu anatoa?"

"Nilikuonea huruma, mdogo wangu. Hesabu hukuwa unaziweza."

"Ndiyo maana wewe ukaenda kuendesha lori. Kule unahesabu magurudumu tu."

Walicheka mpaka dada akakaa sakafuni. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu ilikuwa Jumapili, duka la mbao lilikuwa limefungwa, na ufa ulikuwa palepale.

Dada, akiwa bado sakafuni, ndiye aliyeona mabaki ya mbao nzito ya fremu chini ya dirisha.

"Ziongezee papi miguu," alisema.

Seremala aliigeuza mbao ile, akaipiga randa, akakata vipande viwili vya sentimita kumi, vinene kuliko papi na vipana kidogo. Alivisimamisha sakafuni, kimoja kila upande, na kuweka papi juu yake. Zilifika juu barabara. Alipiga misumari na kuziba matundu. Dada alipoondoka na gari kwenda kumchukua mama, yeye alikuwa ameshashika brashi ya rangi nyeupe.

Mama aliingia sebuleni. Alikisukuma kiti mwenyewe. Mlangoni, pedali ya mguu iligonga kipande cha kushoto, gurudumu likasimama. Kipande hakikubonyea.

Aliinama, akakigusa, kisha akapandisha macho taratibu, upande mmoja na wa pili. Wanawe walisimama nyuma yake kama watoto waliovunja sahani.

"Nani alitoa kumi?"

Dada alimsukuma mdogo wake mbele kwa kiwiko.

"Wote wawili, mama," alisema seremala.

Mama alicheka mpaka akashika mikono ya kiti. "Na nyie mlidhani yale marinda niliyoongeza chini ya magauni yangu yalikuwa nini?"

"Si ulisema ni fasheni!" alisema dada.

"Ilikuwa fasheni. Baada ya gauni la tatu wateja walianza kuyaagiza."

Alirudi nyuma kidogo, akanyoosha kiti, akapita katikati bila kugusa popote. Ndani aliangalia dirisha, akaangalia kitanda.

"Kigeuzeni. Nataka nikilala niuone mlango wangu," alisema. "Halafu mmoja wenu anitolee begi kwenye gari. Mmoja tu, jamani. Msiende wote wawili."