Shati la Matundu Manne

"Bado," alisema nesi, akivua glovu na kuitupa ndooni bila kuangalia. "Njia imefunguka sentimita tatu tu. Nenda nyumbani, kula, lala. Urudi saa kumi na moja jioni."

Fundi alijiinua kwa kiwiko. "Dada nesi, jioni ni mbali. Wa kwanza alikuja mbio. Maji ya moto hayakuwahi hata kuchemka."

"Kila anayepanda kitanda hiki wa kwanza wake alikuja mbio. Haya, uchungu unakuja kila baada ya muda gani?"

Saa hakuwa nayo, na ile ya ukutani kwake ilikuwa imekufa tangu mwaka jana. Lakini Fundi hakuwa mtu wa kukosa kipimo. Tangu alfajiri alikuwa na shati mkononi, na mkono wake aliujua.

"Matundu mawili na nusu," alisema.

"Nini?"

"Matundu ya vifungo. Nashona sare za shule. Tundu moja, kwa mkono, ni dakika nne, haizidi haipungui. Alfajiri uchungu ulikuwa unakuja kila baada ya matundu matano. Sasa ni mawili na nusu. Unaona unavyokimbia?"

Nesi akageukia mlangoni. "Hebu njoo usikie! Huyu anapima uchungu kwa vifungo vya mashati!"

Mwenzake akachungulia. Wakacheka wote wawili, si kicheko cha ubaya sana, kicheko cha watu waliochoka waliopata kitu cha kuchekea. "Mama," nesi alisema akifuta macho, "hapa hatushoni." Akaandika kwenye kadi, akamrudishia.

Fundi alishuka kitandani. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameviona vitanda sita na wanawake tisa, wengine wawiliwawili kama mitumba. Angeambiwa, "Mama, hatuna nafasi," angeelewa, hata huruma angeona. Lakini hakuambiwa hivyo. Aliambiwa bado, akachekwa. Alitoka nje amebana meno, kicheko kile kimemganda mgongoni kama mkono wa mtu.

Chumba chake kilikuwa cha nne katika safu ya vyumba sita vilivyotazamana na bomba la maji. Ndani: kitanda, jiko, cherehani dirishani, na mashati arobaini meupe yaliyokosa vifungo. Binti yake alikuwa shule. Fundi aliketi. Kulala alishindwa, hasira haitaki mto. Alivaa subana kidoleni, akachukua shati jipya. Chaki ilikuwa imeshaonyesha mahali pa matundu, saba, kutoka shingoni hadi chini. Akaanza la kwanza.

La pili lilipofika katikati, uchungu ukaja.

Aliushikilia ukingo wa meza ya cherehani mpaka upite. Kisha akafuta jasho, akamalizia tundu, akaingia la tatu. Sindano haikwenda mbali: tundu moja kamili tangu ule uliopita, huu hapa tena. Akachukua simu.

"Baba watoto, njoo."

Mumewe alikuwa mtunza ghala la saruji, na nyuma ya sauti yake magunia yalisikika yakitupwa. "Kuna nini? Si umeniambia nesi amesema jioni?"

"Nesi amesema jioni. Mimi nasema sasa."

"Lakini mama watoto, yule amesomea."

"Na mimi nimezaa!"

"Sijakataa. Nasema tu, tusiwe na pupa. Msimamizi mwenyewe leo kaamka vibaya. Saa tisa naomba ruhusa, sawa?"

Alikata simu. Akamaliza tundu la tatu kwa nguvu hata uzi ukalalamika. Tundu la nne alilishona huku anapumua kwa mdomo, na alipolikata uzi, chupa ikapasuka. Maji ya moto yakamwagika mapajani, yakaingia chini ya cherehani.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuyasukuma mashati kitandani yasilowe. La pili, alipiga magoti. La tatu ndilo lilikuwa gumu: kumwita jirani.

Upande wa pili wa ukuta aliishi Msusi, na huko huko ndiko alikosukia watu nywele. Miezi mitatu hawakusemeshana. Ugomvi ulianzia kwenye cherehani: Fundi alishona alfajiri, Msusi akagonga ukuta kumaanisha nyamaza, Fundi akagonga kumaanisha nyamaza wewe. Tangu hapo hawakujuana kwa sura, walijuana kwa ukuta. Mmoja akigonga mara tatu, mwingine hurudisha nne. Vyumba vingine vilizoea, kama watu wanavyozoea jogoo asiyejua saa.

Fundi alichukua mkasi mkubwa, akagonga kwa mpini. Mara tatu.

Ukuta ukajibu: mara nne, kwa ghadhabu.

"Jirani!" Sauti haikutoka, uchungu ulikuwa umeikalia. Akagonga tena, mara tano. Zikarudi sita, kwa kiatu.

"Leo sikuogopi!" Msusi alipaza sauti. "Gonga mpaka ukuta uanguke, tuishi chumba kimoja!"

Fundi aliegemeza paji la uso kwenye chuma baridi cha cherehani. Angecheka, kama angekuwa na pumzi. Ndivyo mtu atakavyokufa, aliwaza: anaomba msaada, anasikika anagomba. Kule alitoa hesabu, ikawa kichekesho. Kwenye simu alitoa taarifa, ikawa pupa. Na hapa anagonga. Aliuinua mkasi akagonga bila kuhesabu, akagonga na kugonga, plasta ikimwagikia kichwani.

Kisha mlango wa pili ukafunguliwa kwa kishindo.

"Umekosa hata cherehani ya kunichokoza leo, unanigongea tu bure?" Msusi alisimama mlangoni, kitana kimechomekwa nyweleni, mikono inang'aa mafuta. Nyuma yake alikuwa mteja wake, mwanamke mnene wa makamo, nusu ya kichwa imesukwa mistari, nusu nyingine imesimama kama shamba lililosubiri jembe. "Leo utanieleza, wewe ma..." Akaona sakafu. "Mungu wangu."

"Osha mikono," alisema Fundi.

"Nina mafuta."

"Ndiyo maana nikasema osha. Sabuni ile pale. Mpaka kiwiko."

"Si ulikwenda hospitali asubuhi? Nimekuona! Walisema nini?"

"Walisema bado."

"Sasa hii nini?"

"Kawaulize wao! Osha mikono!"

Msusi akaosha, akilaani nesi, mumewe Fundi, ukuta, na siku aliyohamia hapo. Mteja alijaribu kuondoka kinyumenyume, Msusi akamkamata kwa jicho. "Na wewe unakwenda wapi na nusu kichwa? Leta beseni! Piga simu ya teksi!"

Fundi hakusikia mengine. Mwili wake ulikuwa umeacha kumuuliza chochote. Alishika miguu ya chuma ya cherehani, akasukuma, na sauti iliyomtoka haikuwa ya maumivu peke yake. Ilikuwa na kile kicheko cha kule ndani yake, anakirudisha kilikotoka.

"Kichwa!" alipiga kelele Msusi. "Kichwa kimetoka! Subiri. Subiri! Kuna kitu shingoni. Kama kamba."

"Kitovu. Kimekaza?"

"Kidogo. Ee Mungu, mimi sijui, mimi nasuka tu watu..."

"Jirani." Fundi aligeuza shingo akamtazama, mara ya kwanza kwa miezi mitatu. "Kazi yako si kufumua? Fumua."

Mikono ya Msusi ilitulia. Vidole vile vilikuwa vimefumua mafundo ya vichwa mia bila kung'oa unywele. Kidole kimoja kikapita chini, taratibu, kikanyanyua. Kitanzi kikapita juu ya sikio, juu ya utosi, kikatoka. Uchungu mmoja zaidi, na mtoto akateleza mikononi mwake.

Wa kike. Rangi yake si rangi. Hakulia.

"Halii," alisema Msusi. "Kwa nini halii?"

"Msugue! Mgongo! Kwa nguo, msugue!"

Msusi akanyakua shati lililokuwa karibu, lile lile, akamsugua mgongo, akamsugua miguu. Mteja alikuwa pembeni na beseni, anaomba kwa sauti, akiahidi mambo mengi. Fundi alihesabu. Hakuwa na kingine cha kufanya. Alitia uzi akilini, akapitisha sindano, mara moja, mara mbili, mara tatu. Robo ya tundu.

Mtoto akapiga chafya, akafungua kinywa, akawatukana wote.

"Ndiyo!" Msusi alilia pamoja naye. "Tukana, mwanangu! Una haki!"

Kondo la nyuma lilipotoka, Msusi alikwishashika mkasi mkubwa, anautafutia maji ya moto.

"Usikate," alisema Fundi.

"Tusikate?"

"Kondo weka kwenye beseni. Mtoto mfunike. Tunakwenda hivi hivi." Alikuwa anatetemeka, midomo imekauka, lakini sauti yake ilikuwa imerudi, yote. "Nataka waone."

Waliingia kituoni saa tano na dakika kumi: Fundi katikati, mtoto kifuani ndani ya shati la matundu manne, Msusi ameshika beseni mbele kama sinia la wageni, na mteja nyuma na nusu kichwa chake, anasukuma watu wapishe. Nesi wa asubuhi alikuwa kwenye korido. Alisimama. Fundi naye alisimama.

"Nimewahi?" aliuliza Fundi. "Au bado?"

Hakuna aliyecheka. Walikimbia, lazima aseme ukweli, walikimbia wote. Walikata, wakafunga, wakapima, damu ikasimama, mtoto alikuwa mzima, kilo tatu na robo. Kisha nesi akaketi na kadi, akaandika haraka, akampa.

Fundi aliisoma polepole, kwa kidole. *Amejifungulia nyumbani. Mama alichelewa kufika kituoni.*

Akaisoma tena. "Futa."

"Mama, ni maneno ya kawaida. Ndivyo tunavyowaandika wote wanaozalia nyumbani."

"Wote?"

"Wote."

Fundi aliwafikiria hao wote, kadi zao kwenye makabati. "Futa. Andika: alifika saa tatu, akarudishwa."

"Fomu haina sehemu ya maneno hayo."

Mumewe alikuwa amefika wakati huo, saruji imemjaa kope. Alimtazama mtoto, akajifuta macho, akaacha mistari miwili ya matope. "Mama watoto," alisema kwa upole, "mtoto mzima, wewe mzima. Tumshukuru Mungu. Karatasi ni karatasi."

"Mungu nimemshukuru. Naye hakusema bado." Hakumwondolea macho nesi, lakini swali lilikwenda kwa mumewe: "Nilikupigia saa ngapi?"

Mwanamume alitoa simu, akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Saa nne na dakika nane."

"Nikakwambia nini?"

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, simu mkononi, kama mtu aliyeshikishwa mzigo asiujue uzito wake.

"Nilikuwa na tisa, mama," nesi alisema ghafla, sauti imepasuka. "Tisa, na sisi wawili. Unajua tisa?"

"Najua. Niliwahesabu. Ungesema tisa, ningekuelewa. Ulisema bado, ukacheka."

Nesi aliinamia kadi. Kalamu ilikaa juu ya lile neno, ikakaa, ikaondoka. "Sina ruhusa ya kufuta," alisema hatimaye, taratibu. "Ukitaka kulalamika, daktari mkuu yupo Jumatatu."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi cherehani ilinyamaza, na ukuta ulinyamaza. Msusi aliingia na kutoka na uji wa mzazi, akimwita mtoto "mteja wangu". Jumapili alileta habari. "Yule mama amekataa nimmalizie nywele."

"Kwa nini?"

"Anasema ni ushahidi. Anasema daktari akiuliza mlikuwa wapi saa nne, atamwonyesha kichwa."

Fundi alicheka mpaka tumbo likamuuma. Kisha hakucheka. Aliitoa kadi, akaisoma tena, akairudisha mfukoni.

Jumatatu walikuwa watatu kwenye benchi nje ya mlango wa daktari mkuu, na mtoto wa nne. Mteja alikaa ameinua kichwa, nusu shamba, nusu mistari, anawatazama wapita njia kama mtu aliyevaa nishani. Mumewe Fundi alisimama pembeni, ruhusa ya msimamizi imekunjwa mfukoni, simu tayari kiganjani.

Karani alitoa kichwa. "Nani anamtaka daktari?"

"Sisi."

"Ana wageni. Ngojeni."

"Ataanza kutuona lini?"

"Bado," alisema karani, akafunga mlango.

Msusi alivuta pumzi kutukana. Fundi alimgusa goti. Alimpa mtoto amshike, akafungua mfuko wake, akatoa shati jeupe lililofuliwa mara tatu na bado lina kivuli cha waridi mgongoni. Matundu manne yalikuwa tayari. Alama tatu za chaki alikuwa amezichora upya. Akavaa subana, akatia uzi sindanoni, akaanza la tano.

Alipolikata uzi, mlango ulikuwa umefungwa vilevile.

"Dakika nne," alisema, kwa sauti ya kusikika ndani. Akaanza la sita.