Kamba ya Roza

Usiku wa kuamkia leo niliota niko jangwani, mchana kweupe, nimevaa kandambili, na mbele yangu Roza bado amefungwa kwenye reli.

Nilimtambua mara moja. Mara ya mwisho kumwona nilikuwa na miaka kumi na miwili, kwenye banda la video la Bwana Kitwana kule Urambo. Treni ilikuwa inakuja, stelingi anakimbiza farasi kwenda kumwokoa, jenereta likaishiwa mafuta. Tulipiga miluzi, tukazomea, tukaenda nyumbani. Jina lake halisi hatukulijua kwa kuwa picha ilikuwa ya Kizungu. Roza tulimwita sisi.

"Ulikwenda wapi?" aliniuliza.

"Jenereta lilizimika, dada."

"Miaka thelathini?"

"Palikuwa na shule pia."

Treni ilikuwa imesimama hatua ishirini kutoka shingoni mwake, moshi umeganda juu yake kama pamba. "Mimi sina ubaya na mtu," treni ilisema. "Lakini jenereta likiwaka tu, natembea. Breki sikuwekewa."

Stelingi alikuwa juu ya farasi, bastola mkononi. Maganda ya risasi yalimfika farasi magotini.

"Kamba ya kwenye picha hukatwa kwa risasi," alinieleza. "Ndiyo sheria. Nimeshapiga elfu nne na mia mbili."

"Zinapata?"

"Zote. Kamba ndiyo haijui sheria."

Niliomba nijaribu mimi. Akakataa. Mtazamaji hagusi kitu. Wanaogusa ni waliomo kwenye picha.

"Basi niingizeni."

Farasi akafungua daftari, akalamba kwato, akapekua. "Nafasi iliyobaki ni moja. Rafiki wa stelingi."

Aliyewahi kukaa kwenye banda la video anajua: stelingi hafi, lakini rafiki yake lazima afe.

"Hufa lini?" niliuliza.

"Karibu na mwisho. Weka sahihi hapa."

Nilimtazama Roza. Kamba ilikuwa imemchubua shingo. Nikaweka sahihi.

Papo hapo jenereta linawaka. Nalisikia likinguruma nyuma ya mawingu, petroli inanukia jangwa zima. Moshi unayeyuka. Magurudumu yanalia. Stelingi anafyatua, kamba inatikisika tu.

Mimi napiga magoti. Kazi yangu ni kusuka vitanda vya kamba. Nilijifunza peke yangu, kwa kufumua kitanda cha mama na kukirudishia kabla hajatoka shamba. Fundo silikati. Nalitazama kwanza, nijue aliyelifunga alianzia wapi.

"Anafanya nini huyo mfupi?" stelingi anauliza.

"Anafungua," anasema Roza.

"Kwa mikono?"

"Wewe endelea kupendeza tu, kaka. Usimsemeshe fundi."

Fundo la kwanza linaachia. La pili linaachia.

"Jamani, samahani, nakuja!" treni inapiga kelele.

"Njoo tu," nasema. "Limebaki moja."

Hapo risasi inatoka kilimani, kwa majambazi waliomfunga Roza. Inafika mbele ya pua yangu, inasimama.

"Wewe ndiye rafiki wa stelingi?"

"Nimeandikishwa tu," nasema, vidole havitoki kwenye fundo. "Hatufahamiani. Hata salamu hajanipa."

Risasi inamgeukia stelingi. "Kweli?"

Stelingi anaona haya. "Sijamuuliza hata jina."

"Basi huo si urafiki," inasema risasi, na inarudi ilikotoka, polepole, kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake.

La tatu linaachia. Namshika Roza mkono, namvuta. Treni inapita, upepo wake unanivua kandambili moja, na honi yake inalia mfululizo kama ya gari la harusi. Kutoka nyuma ya mawingu banda zima linalipuka: miluzi, vigelegele, madebe yanapigwa. Wote niliorudi nao nyumbani siku ile wapo, na sauti zao bado za kitoto.

Stelingi alishuka kwenye farasi, akavua kofia. "Ndugu yangu, unaitwa nani?"

"Usiniulize sasa," nilimwambia. "Ngoja risasi ifike mbali."

Roza alinyoosha mgongo. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. "Mimi siitwi Roza," alisema, "lakini nimeshalizoea. Kwenu kuna maji?"

"Mtungi uko nyuma ya mlango."

Akatangulia.

Niliamka jua limeshatoka. Mke wangu, Nyamizi, alikuwa amesimama mlangoni na kata mkononi.

"Umekunywa mtungi mzima peke yako?"

Nilichungulia ndani. Mkavu hadi chini. Nikatoka uani, kwenye mchanga alioufagia jioni. Kulikuwa na nyayo za viatu vya kisigino, hatua ndefu ndefu, kutoka mlangoni kwetu hadi barabarani. Za kuingia hazikuwapo.

Nyamizi aliziangalia, akaniangalia mimi. "Nani huyu aliyetoka ndani mwangu?"

"Roza," nilimwambia. "Treni haikumpata."