Njia ya Mguu Mmoja

Asubuhi ile Ghalibu aliamka akakuta sisimizi wamekula nusu ya kilima. Si ajabu: gundi yake ilikuwa uji wa muhogo, na sisimizi wa mtaa wa Isevya hawajawahi kukaribishwa chakula wakakataa. Aliwapangusa kwa brashi huku akiwalaani mmoja mmoja. Kesho saa nne watu wa chumba cha kumbukumbu za mji wangekuja kuchukua mfano wake mdogo wa njia ya misafara, na kama haujakamilika, wangetundika picha ya kuchapishwa kutoka Dar es Salaam. Walimwambia hivyo bila hata kumtazama usoni.

Miezi miwili alihangaika na ardhi ile juu ya meza. Udongo mtupu ulipasuka kama kisigino cha kiangazi. Alipouchanganya na unga wa mbao, ukavimba. Majani ya chai, aliyoyaanika hadi mkewe Thuraya akaapa kutompikia chai tena, ndiyo pekee yaliyomtii, yakafanana na majani makavu ya porini. Lakini fahari yake ilikuwa barabara: pana, nyekundu, imenyooka kutoka mashariki hadi mlangoni pa nyumba ya babu wa babu yake, mfanyabiashara aliyetoka Omani. Kwa ajili ya mlango ule alianza kazi hii yote.

Adhuhuri akafika Bibi Theodora, mshonaji wa jirani, na kopo la mizigo arobaini aliyoishona, kila mmoja kama punje ya hindi. Wapagazi wa udongo walikuwa wakiisubiri.

"Shikamoo, bibi. Umeniokoa."

"Marahaba." Aliinamia meza, akatazama kwa muda mrefu, kisha akafunga kopo. "Hii ni barabara ya malori, baba. Babu yangu alibeba pembe kwenda pwani mara tatu. Hakupita hapa."

"Bibi, kesho wanakuja!"

"Waje. Njia ilikuwa ya mguu mmoja. Walifuatana, mtu nyuma ya mtu. Watu wetu siwaweki humo."

Damu ikampanda Ghalibu. Alikuwa na mengi ya kusema, na yote yalikuwa utovu wa adabu. Akatoka uani, akapiga teke ndoo, akaumia kidole. Aliporudi, bibi alikuwa ameketi vilevile, kopo mapajani, hana haraka na mtu. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alisema kweli. Ghalibu mwenyewe, akienda shambani Itetemia, hupita njia isiyotosha watu wawili.

Akachukua kisu, akaibandua barabara yote, kazi ya wiki tatu. Akapaka udongo mpya, akamsogezea bibi meza.

"Haya. Ipite wapi?"

Bibi akatumbukiza ukucha katika udongo mbichi, akauvuta polepole. Mstari mwembamba ukatokea. Ulipofika katikati ya uwanda, ukapinda ghafla, ukazunguka, kisha ukarudi ulikokuwa ukielekea.

"Mbona unapinda? Hapo hapana kitu."

"Mti ulianguka."

"Mti gani, bibi? Sijaweka mti hapo!"

"Umeshaoza zamani. Wa mbele alizunguka, wa nyuma wakamfuata. Hadi leo wanazunguka."

Ukucha ukaendelea. Ukaipita nyumba ya babu wa babu yake kwa upande wa nyuma, wala haukusimama. Ghalibu akalichukua kopo mapajani mwa bibi, akatoa mzigo wa kwanza, akambebesha mpagazi begani, na kumsimamisha pale kwenye kona, pasipo na mti.