Jailos Amehamia Ipogolo

Severina alichomeka waya kwenye tundu la ishirini na tatu la ubao wa simu, akauchomoa kabla hajapiga kengele, akauhamishia sitini na moja. Mkono ulikwishazoea. Tangu barabara kuu iwekwe lami na Jailos ahamishe gereji yake kutoka mjini juu kwenda bondeni Ipogolo, kila aliyeomba namba ya zamani Severina alimpeleka kwenye mpya, kimyakimya. Aliona si adabu kumwambia mtu aliyesubiri laini tangu asubuhi kwamba amekosea namba.

Mlango wa ofisi ya simu ukafunguka. Aliyeingia alikuwa Jailos mwenyewe, kofia mkononi.

"Dada Severina, unanimaliza."

"Kamwene, Jailos. Nakumalizaje, na simu zote nakupa?"

"Ndizo hizo. Watu wanaongea na mimi, tunaelewana, wanasema wanakuja. Halafu wanakwenda kulekule juu. Na kule sasa yuko Sedekia."

Severina alimfahamu. Sedekia alipanga jengo lile mara tu Jailos alipotoka. Hakuwa na simu wala hakuihitaji. Kila gari lililofika lilimkuta getini na spana, anakaribisha. Jailos alihamia bondeni ili malori yasihangaike kupanda kilima. Sasa yalipanda, mengine na breki mbovu, na aliyeyaita ni Jailos mwenyewe kwa sauti yake.

"Kwani hukuwaambia umehama?"

"Wanauliza kama nipo, nasema nipo. Ningejuaje kwamba hawajui?" Akakaa kwenye benchi. "Lori la Bartholomeo wa Mbeya linakuja, giaboksi imekufa. Likipokelewa na Sedekia, Bartholomeo hanirudii tena, na bila malori yake nafunga gereji."

Severina akamgeukia.

"Ungekuwa umetoka kwa muda, wakikuezekea paa, ningenyamaza tu, maana ungerudi. Lakini wewe umehama moja kwa moja. Kuanzia sasa nitawaambia: Jailos yuko Ipogolo, ombeni sitini na moja."

"Wanaouliza bei tu si ungewaunganisha?"

"Nitawajuaje, Jailos? Kwa harufu ya dizeli?"

Taa ubaoni ikawaka. Alikuwa mama Atuganile wa Tukuyu, mwenye basi moja na subira ndogo. Severina akamweleza.

"Sasa hiyo sitini na moja si uniunganishe wewe, mwanangu? Mkono si huohuo?"

"Ndio huohuo, mama."

"Basi?"

"Basi kesho utaomba ishirini na tatu tena, na dereva wako atapanda kilima bure."

"Na mimi nianze kusubiri laini upya?"

"Itabidi, mama. Mara hii tu."

Simu ikakatwa bila kwaheri. Jailos alikuwa amefumba macho.

Wakaomba Mbeya. Bartholomeo alipokea kwa furaha: lori lilikwishaondoka, linavutwa na jingine, litalala Makambako na kufika Iringa kesho asubuhi.

"Usiwe na wasiwasi, fundi," alisema. "Dereva ni Saulo. Kwako anafika hata akifumba macho."

Jailos akamwambia amehamia Ipogolo, lakini Saulo njiani hakupatikana kwa simu. Akarudisha mkono wa simu polepole.

"Alfajiri nitasimama njia panda, chini ya kilima, nimzuie."

"Na atakayekuja keshokutwa?"

"Huyo nakuachia wewe, dada."

Severina alijaribu kuwapata waunganisha simu wenzake wa Mafinga na Makambako, ambao nao waliendelea kuomba ishirini na tatu kwa niaba ya watu wao. Laini zilikuwa zimejaa hadi muda wa zamu ukaisha. Akavua vipokea sauti, akavitundika. Angeanza na Mafinga kesho.