Kiti cha Shemeji Clóvis

Kazi yangu ni kuvunja vitu. Viwanda vya mji wetu wa Novo Hamburgo na miji mingine ya bonde letu hutuletea soli za viatu, mabomba na matangi ya maji, nasi maabarani tunavivuta, tunavikunja na kuvigandisha mpaka visalimu amri, kisha tunaandika ripoti. Kwa sababu ya kazi hiyo nilijiona mtu muhimu sana. Nikialikwa mahali nilikuwa nakagua vyombo vya wenyeji, na mke wangu Rejane amenikanyaga mguu chini ya meza nyingi za bonde hili.

Jumapili moja tulikuwa kwa mama mkwe tukila nyama choma. Shemeji yangu Clóvis, kaka yake Rejane, alileta viti vya kijani kutoka kiwandani kwake. Ni kiwanda kidogo, kiko nyuma ya nyumba yake kule Sapiranga. Anasaga plastiki chakavu, anaiyeyusha, anaisukuma kwenye kalibu na kinatoka kiti. Alikuwa amemwalika pia Zilmar, mwenye vibanda vya bia ufukweni Tramandaí, aliyekuwa akifikiria kununua viti vya msimu mzima wa kiangazi. Clóvis akamkatia Zilmar ubavu uliolainika kuliko mbavu zote. Mimi nikapewa mfupa. Labda kiburi changu kiliamkia hapo.

Bila kuulizwa na mtu, nikaanza kumweleza Zilmar jinsi jua linavyozeesha plastiki, na jinsi plastiki iliyoyeyushwa mara ya pili inavyoweza kung'aa kama kijana huku ndani ni kikongwe. Nilisema kwa ufasaha mkubwa. Nikakunja mikono kifuani, nikaegemea nyuma mpaka kiti kikasimama kwa miguu miwili, nikamalizia kwamba mimi nisingethubutu kumkalisha mteja wangu juu ya kitu kama kile.

Mguu wa nyuma ukakatika palepale.

Nilianguka chali, saladi ya viazi ikanifuata kifuani. Mama mkwe akauliza kama sahani imepona. Wote walicheka isipokuwa wawili: Zilmar, aliyeacha kutafuna na kukitazama kiti alichokalia yeye, na Clóvis. Mimi, mayonezi ikinitiririka shingoni, nilijiona mshindi. "Nilisemaje?" nikawauliza kutoka chini.

Wakati wa kuondoka, Clóvis akaniwekea vipande vya kiti mapajani ndani ya gari.

"Si una maabara, shemeji? Kapime. Utakachokiona, umwambie Zilmar mwenyewe."

Nilipima kwa furaha. Nikakata vipande, nikavibana kwenye mashine, mashine ikavuta. Vikarefuka, vikarefuka, vikakataa kukatika. Plastiki ya Clóvis ilikuwa imara karibu sawa na mpya. Nikarudia. Nikailaumu mashine, nikaisafisha, nikarudia tena. Mkuu wetu wa maabara, Noeli, mama asiyepoteza maneno, alikuja na kibuyu chake cha chimarrão, ile chai chungu ya kwetu, mkononi, akataka kujua kwa nini naendelea kuuliza swali lililokwisha kujibiwa. Nikamwambia kiti kilivunjika, kwa hiyo lazima kuna kasoro.

Akauweka mguu uliokatika chini ya hadubini, akaniita nichungulie. Ufa ulikuwa umeanzia upande mmoja, juu, pale mguu unapoungana na kikalio, kisha ukakimbia kama kitambaa kinachochanwa kutoka kwenye pindo. Mguu ule ulikuwa umekunjwa kwa nguvu, huku umebeba mzigo usiokuwa wake. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini wakati huo.

"Nilikuwa nimekaa tu," nikasema.

Noeli akanitazama kidogo. "Ulikaa kama ulivyokaa sasa hivi?"

Nikaangalia chini. Kiti cha maabara kilikuwa kimesimama kwa miguu miwili, magoti yangu yamejibana chini ya meza, nabembea.

Nyumbani nilitafuta faraja kwa Rejane. Akanikumbusha kwamba viti vyote vya jikoni kwetu vimelegea miguu ya nyuma. "Ulidhani ni panya?" akaniuliza, akaendelea kumenya muhogo.

Katika ripoti niliandika kwamba kiti kilipewa mzigo usio wa kawaida. Noeli akanirudishia: nani alikipa? Ndiyo maana ripoti iliyotoka inamtaja mwanamume mzito aliyeegemea nyuma huku akihutubia, na chini kuna sahihi yangu.

Tulikwenda Tramandaí pamoja, mimi na Clóvis. Nilimsomea Zilmar kila neno. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wateja wangu wakishapata bia mbili, wanakaa kama wewe." Clóvis akainamisha kichwa. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza katika mkasa huu, nilisema jambo lenye faida: miguu ya nyuma iongezwe mbavu za kuikaza, nasi maabarani tutavisukuma viti mpaka vichoke.

Clóvis akachonga upya kalibu yake. Mashine yetu ilivisukuma viti vipya usiku na mchana, vikastahimili. Lakini Zilmar hakutaka karatasi. Alitaka kuniona mimi. Basi nikakaa mbele ya kibanda chake, katikati ya wanywaji waliokuwa wameshawekeana dau kama nitaanguka au la, nikabembea kwa miguu miwili mpaka yule mmoja aliyesema sitaanguka akakusanya ushindi wake. Zilmar akaagiza viti vya vibanda vyote.

Tukirudi, nilimtania Clóvis kwamba sasa mimi ni kifaa rasmi cha maabara. Hakucheka. Tulipokaribia mji wa Osório akasema kwamba baada ya Jumapili ile alizima mashine zake, akaenda kuomba kazi kwenye kiwanda cha viatu, kule kwenye gundi iliyomharibia baba yao mapafu.

"Ungeacha kwa sababu ya maneno yangu?" nikamuuliza.

"Wewe ndiye unayejua plastiki, shemeji. Nilikuamini."

 Nikamwomba asimamishe gari kwenye banda la kando ya barabara, nikamnunulia pastel, sambusa kubwa ya nyama, tukala tumesimama, upepo ukituchapa usoni.